Mtihani Nyumbani kwa Baba Mkwe

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tisa Februari, mwaka 2025. Asubuhi hiyo Gladys, mke wa mwanangu Haron, aliketi kwenye meza yangu kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na kabla chai ya saa nne haijapoa alikuwa ameshaandikwa mdanganyifu. Gladys huyu huyu ambaye akiokota panga lako njiani analirudisha kabla hujajua limepotea.

Mimi ni Momanyi, naishi Manga, kwenye mteremko unaotazama upande wa Kisii. Shule niliiachia darasa la tano, lakini wakubwa nawajua. Mke wangu Nyanchera alifia hospitalini akisubiri mtu mmoja aje aweke sahihi ndipo apasuliwe. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, mwenye sahihi ndiye hakuwepo. Nilipouliza yuko wapi, nikaambiwa yuko mkutanoni. Mkutano gani, wa nini, mpaka leo sijaambiwa. Kwa hivyo nikisema jambo la Gladys lilinishtua, usidhani mimi ni mtu wa kushtuka ovyo.

Gladys ana miaka thelathini na saba. Anafanya kazi katika saiba moja, duka la intaneti, pale sokoni, anawajazia watu maombi ya kitambulisho, ya leseni, ya vyeti vya kuzaliwa. Zamani alisoma stashahada ya kompyuta, akabakisha kidogo tu amalize, ndipo Nyanchera akaanza kuugua. Haron alikuwa Nakuru kwenye mashamba ya maua, kama alivyo mpaka sasa. Gladys akaacha masomo akaja kumuuguza mama mkwe wake. Alimuuguza kwenye nyumba ya jikoni, kwa sababu chumbani kwangu asingeweza kutia mguu. Ilibidi tumtoe mgonjwa na kitanda chake, tukamweka karibu na moto, ndipo mke wa mwanangu aweze kumfikia. Sisi tuna chinsoni, yaani heshima ya wakwe. Mimi siingii nyumba ya Haron. Gladys anaweza kuniletea chakula sebuleni, lakini mahali ninapolala hapaoni, wala hapataji. Hata ugonjwa haukutuvunjia hiyo.

Mwaka jana mwishoni alikuja kunieleza kwamba anataka kurudi shuleni. Ilikuwa Jumapili mchana, mimi na jirani yangu Masese tumekaa nje tukinoa majembe. Sheila, binti mkubwa wa Gladys aliyetoka kumaliza kidato cha nne, alikuwa akichambua maharagwe.

"Tata, nimechoka kubonyeza vitu ambavyo wengine wametengeneza," Gladys alisema. Alisimama kando kidogo, macho chini, kama anavyofanya siku zote akiongea nami. Tata kwetu ni baba. "Nataka kujua ndani yake kuna nini. Nataka kusoma sayansi ya kompyuta, digrii, kwa intaneti, nikiwa hapa hapa nyumbani."

"Mama atakuwa chuo kabla yangu," Sheila akasema. "Nitamwomba anibebee begi."

Masese akaweka jembe chini. "Mama Sheila, ukimaliza utatengeneza kompyuta ya kuchuma chai? Mgongo wangu umekataa kabisa."

"Mashine ya kuchuma ipo tayari, mzee. Iko kwenye mashamba makubwa. Imefukuza watu kazi."

"Basi wewe tengeneza ya kumfukuza aliyeileta."

Tulicheka, lakini Gladys alikuwa amejitayarisha. Alikuwa na vyuo vitatu kichwani. Cha kwanza kina madarasa ya jioni mjini Kisii, na yeye jioni yuko saiba, kwa hivyo hicho akakitupa mwenyewe. Cha pili ni cha Nairobi: masomo ni kwa intaneti, mtihani unafanyiwa ukumbini Kisii kila muhula, lakini ile stashahada yake hawaitambui. Angeanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto wa rika la Sheila. Cha tatu kiko ng'ambo. Hicho kilikubali kuhesabu masomo yake ya zamani, kwa hivyo angeingia moja kwa moja mwaka wa tatu. Alikuwa ameshauliza tume ya serikali kama digrii yao inatambulika hapa, akaambiwa ndiyo. Mtihani wao unafanyiwa nyumbani mbele ya kamera.

"Lakini masomo yakipita miaka kumi hawayahesabu tena," alisema. "Yangu yanafika kumi mwaka ujao. Nikikosa wakati huu, yote niliyosoma yamekwenda."

Nilijua yalivyokatika. Nilijua aliyaacha kwa ajili ya nani.

"Mimi ningechagua wa ukumbini," nikamwambia. "Ukumbi una mlango, na mlangoni pana mtu. Ukionewa unamshika koti."

"Tata, huyo mtu wa mlangoni atanirudisha mwaka wa kwanza."

Nikamwambia aende akaulize mtu aliyepitia.

Mtu mwenyewe alikuwa Pam. Pam ametoka upande wa ziwani, anauza mitumba soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na alikuwa mwaka wa pili katika chuo hicho hicho cha ng'ambo. Nilikwenda na Gladys siku niliyokuwa napeleka ndizi. Tulimkuta Pam amesimama juu ya stuli akitundika makoti ya watoto.

"Mzee, usiogope kamera, haiumi," aliniambia kabla sijauliza.

"Anayeangalia ni nani?"

"Kuna msimamizi. Uso wake huoni. Anakuandikia hapo chini: zungusha kamera, onyesha meza, onyesha masikio."

"Masikio ya nini?"

"Isije ikawa mtu amekuwekea kidude cha kukunong'onezea majibu. Uwe peke yako, usiongee, usiinuke. Mimi nakaa chumba kimoja, alitaka kuona mpaka nyuma ya pazia langu la kitanda. Nikafungua. Akaona nguo za wiki nzima hazijakunjwa. Hata hakucheka."

Gladys alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Kitanda kilikuwa cha Pam, pazia la Pam, Pam akafungua. Hatukufikiria zaidi ya hapo. Tulirudi nyumbani tukizungumza habari ya masikio.

Gladys akachagua cha ng'ambo. Ikabaki kutafuta mahali pa kufanyia mtihani. Nyumba yake iko chini kwenye bonde dogo, mtandao unakuja na kuondoka, na mabati hayana dari, mvua ikigonga husikii hata mawazo yako. Nyumba yangu iko juu, inatazama mnara wa simu, ina dari, ina umeme, ina meza nzuri ambayo Nyanchera alipenda. Chumba cha kulala hakina mlango, kina pazia tu, kama nyumba nyingi. Nikasema afanyie sebuleni kwangu, mimi nitakaa nje nizuie watu.

Na nilizuia. Jumatano hiyo niliamka nikahamisha ng'ombe asije akalia karibu na dirisha. Nikamwambia Ishmael wa kanisani, ambaye akija kukutembelea huanza wimbo tangu getini, asikanyage kwangu mpaka mchana. Masese nikamkalisha nami kando ya ua wa mchongoma.

"Tunalinda benki?" akauliza.

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Nikikohoa atafeli?"

"Nyamaza, Masese."

Gladys alifika amevaa nguo ya kanisani. Alinisalimu, akaingia, akafunga mlango. Tulimwona dirishani akizungusha ile laptopu pole pole, ukuta kwa ukuta, kisha akaketi. Upepo wa Manga unaujua ukikaa huku: hauji mfululizo, unakuja mara moja kama mtu aliyesahau kitu, halafu unakwenda. Ukaja. Sikuufikiria. Nilikuwa nawafikiria mbwa.

Baada ya muda nikasikia sauti yake ndani. "Hapana. Siwezi."

Masese aliniangalia. "Si alisema haruhusiwi kuongea?"

Halafu mlango ukafunguliwa, Gladys akatoka mikono yote miwili kichwani. Nikasimama.

"Umeme?" nikauliza.

Akatikisa kichwa.

"Mtandao?"

"Wamefunga, Tata. Wameandika nimedanganya."

"Umedanganya nini?"

Akanipita, akashuka nyumbani kwake. Nilimwita, hakugeuka. Nilibaki pale nikidhani labda amefanya kweli jambo la aibu, maana mtu asiye na hatia huongea. Hilo wazo lilinikaa mpaka Sheila akaja. Kwetu, mjukuu na babu hawana mipaka ya maneno. Kile ambacho mama yake hawezi kunitamkia, yeye anakisema huku anatafuna muwa.

"Sokoro, walitaka kuona kitanda chako," akasema. Sokoro ni babu.

"Nani?"

"Msimamizi."

"Kitanda changu kimefanya nini?"

Masese alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Upepo ulisukuma pazia likatikisika," Sheila akasema. "Msimamizi akaona kama kuna mtu. Akaandika: fungua pazia, onyesha nyuma yake. Mama akaandika: ni chumba cha baba mkwe wangu, siwezi. Akaandikiwa tena maneno yale yale. Mama akasema kwa mdomo, labda wanasikia. Akaandikiwa tena yale yale, hata nukta haikubadilika. Halafu wakafunga."

"Si angeniita niingie nifungue mwenyewe?"

"Ungekuwa mtu wa pili chumbani. Hiyo ni kudanganya."

"Angetoka nje aniulize."

"Kutoka pia ni kudanganya."

"Angefunga macho afungue."

"Sokoro," Sheila akasema pole pole, kama anayemweleza mtoto, "wewe ungekubali?"

Niliketi chini. Sikutafuta kiti, niliketi kwenye majani. Watu nimewaona wakinyang'anywa mashamba, nimeona bei ya chai ikitangazwa na watu ambao hawajawahi kubeba kikapu, nimezika mke kwa sababu ya sahihi. Lakini hili sikulijua kama lipo duniani. Kwamba mtu anaweza kukaa mahali ambapo hujui, akaingiza jicho nyumbani kwako, akamtaka mke wa mwanao amwonyeshe mahali unapolala, na yule mwanamke akikataa kwa adabu yake, adabu ndiyo inaandikwa kosa. Na kwamba angekosa adabu angepita.

Masese alisema kitu kimoja tu. "Huyo hakulelewa."

Kesho yake Gladys aliletewa ujumbe kwenye simu. Ulisema maombi yake yamesimamishwa kwa kutokuwa mwaminifu na hawezi kuomba tena mpaka mwaka ujao. Mwaka ujao masomo yake ya zamani yatakuwa yameshapita miaka kumi. Chini ya ujumbe hapakuwa na jina la mtu.

"Twende Kisii," nikamwambia. "Wana ofisi. Pam alisema wana ofisi."

Ofisi ipo kweli, orofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Ni wakala anayewatafutia chuo hicho wanafunzi. Tulimkuta kijana anaitwa Anyona, amevaa tai, picha za wazungu wanaocheka zimejaa ukutani. Gladys alimwonyesha ujumbe. Ilipofika mahali pa kueleza, akatazama dirishani. Nikaelewa. Nikaeleza mimi.

Anyona alisikiliza mpaka mwisho. Niliposema neno pazia, alitazama chini. Mtoto wa kwetu, alielewa kabla sijamaliza.

"Mzee, hata mke wangu hangefungua," akasema.

"Vizuri. Basi waambie."

"Niwaambie akina nani?"

"Wakubwa wako."

"Mimi mkubwa wangu yuko Nairobi, anashughulika na matangazo tu. Mtihani unasimamiwa na kampuni nyingine, si chuo."

"Hiyo kampuni iko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Umewahi kuongea na mtu wao?"

"Huwa ninaandika kwenye ukurasa wao. Wanajibu."

"Anajibu nani?"

Akakuna kidevu. "Inajibu," akasema.

Nilimtazama kijana wa watu, na tai yake, na zile picha. Nilikuwa nimepanda ngazi zote hizo kumshika mtu koti. Aliyekuwa mbele yangu hakuwa na kosa, na nyuma yake sikuona mtu.

"Lakini kuna njia," Anyona akasema, akavuta kiti karibu na Gladys. "Unaweza kukata rufaa. Ukurasa unakuuliza sababu. Kuna ugonjwa, kuna kufiwa, kuna umeme kupotea, kuna mtandao kukatika. Dada, chagua umeme. Hapa kwetu kila mtu anachagua umeme, na wanakubali haraka. Wanakupa mtihani mwingine wiki ijayo. Ufanyie hapa ofisini, hatuna pazia."

"Umeme haukupotea," Gladys akasema.

"Najua. Lakini sababu yako haipo kwenye orodha. Ukichagua 'mengineyo' itakaa huko hata mwezi. Na mwaka huu wanafunga Ijumaa ya mwisho ya mwezi."

Mimi nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisema moyoni, wamemwonea kwa mashine, na sisi tuwapige kwa mashine yao. Nikamwambia, "Mama Sheila, bonyeza umeme twende nyumbani."

Hakubonyeza. Alikaa na kidole juu ya kile kidude cha kubonyezea.

"Tata," akasema, na safari hii alinitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe. "Wameniandika mwongo na sikudanganya. Nikibonyeza hapa nitakuwa nimedanganya, nao wataniandika mwaminifu."

"Dada, ni kubonyeza tu," Anyona akasema. "Hakuna anayesoma."

"Kama hakuna anayesoma, aliyeniandika mwongo alisoma nini?"

Mimi nikamwambia Gladys, na nilimwambia kwa ukali, "Unataka digrii ama hutaki? Uliacha mara moja kwa ajili ya watu wa nyumba hii. Unataka kuacha mara ya pili kwa ajili ya pazia?"

"Nataka, Tata. Ndiyo sababu sitaki kuingia kwa dirisha. Hiyo kazi ninayokwenda kusomea ndiyo ya kutengeneza vitu kama hivi. Nikianza hivi, na mimi nitawatengenezea watu nini?"

Nilitazama ile orodha. Umeme, mtandao, ugonjwa, kufiwa. Yeyote aliyeiandika aliketi mahali akafikiria mambo yote yanayoweza kumpata binadamu, na heshima haikumjia akilini.

Gladys akachagua "mengineyo". Nafasi waliyompa kuandikia ilikuwa fupi. Aliandika kwa Kiingereza, akafuta, akaandika tena, Anyona akimsaidia kutafuta neno la chinsoni. Walitafuta wakakosa. Kila walichopata kilisema aibu, au woga, au mila za zamani, na Gladys akakataa vyote. Mwishowe wakaliandika lenyewe lilivyo, kwa lugha yetu ya Kiekegusii.

"Imebaki nafasi kidogo," Anyona akasema. "Sentensi moja. Mzee, unataka kusema kitu? Chumba ni chako."

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na ya hospitali, na ya chai, na ya yule aliyekuwa mkutanoni. Nikayaacha yote nikasema moja tu, Gladys akalitafsiri akalituma.

Leo ni Jumatano tena, Ijumaa ndiyo wanafunga. Kile chuo cha Nairobi chenye ukumbi bado kinapokea watu, nami nimemwambia, naye anasema atangoja hadi hiyo Ijumaa. Asubuhi na jioni anapanda hapa juu penye mtandao, anasimama nje ya nyumba yangu, anatazama simu. Ukurasa unasema rufaa inaangaliwa. Hausemi inaangaliwa na nani. Mlango wa chumba sijaweka. Masese ananiuliza kila siku kama wamejibu lile swali langu, namwambia bado, naye anatikisa kichwa anakwenda zake.

Niliuliza hivi: huyo aliyemwambia mke wa mwanangu afungue pazia, yeye ana wakwe?